Pima begi kwanza: jinsi ya kuchagua laptopu nyepesi ya kazi za safarini

Siku niliyoamua kubadilisha laptopu sikuanzia Kariakoo. Nilianzia dukani kwa Mangi, hapa mtaani kwetu, nikamwomba anipimie begi langu kwenye mizani yake. Alishusha mfuko wa sembe, akalipandisha begi, akainama kusoma. Kilo tano kasoro gramu hamsini.

"Dada, hii ni sembe ya familia," akasema.

Tukaanza kutoa kimoja kimoja. Laptopu yenyewe, ile ya inchi 15.6 niliyokuwa nailaani kila siku, gramu 1,900. Chaja yake na ule waya mnene, 450. Poweri benki ya simu, 400. Diski ya nje, 200. Mausi, 100. Makaratasi na daftari, nusu kilo. Chupa ya maji, nusu kilo nyingine. Na begi tupu, ambalo sikuwahi hata kulifikiria, gramu 900. Kumbe mzigo niliokuwa naulaumu haukufika hata nusu ya kilichokuwa kinanivuta bega.

Mimi ni mfasiri, naandika pia ripoti za semina na warsha. Kazi yangu iko njiani: leo Dodoma, kesho kutwa Lindi, katikati nimebanwa kwenye mwendokasi nimesimama na begi limegeuzwa mbele. Hatua ninazoziandika hapa ni zile nilizopitia mwenyewe, pamoja na kosa moja lililonigharimu hela.

Hatua ya kwanza: andika siku yako moja

Ukishapima begi, chukua karatasi uandike siku yako moja ya kazi ya nje, kuanzia unapofunga mlango hadi unaporudi. Unatoka saa ngapi? Unafungulia wapi mashine: kwenye kiti cha basi, mgahawani, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji? Soketi ya kwanza ya umeme unaikuta saa ngapi?

Siku yangu ya Dodoma inakwenda hivi. Saa kumi alfajiri natoka nyumbani kwenda Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ndani ya basi nasahihisha kurasa kadhaa mpaka kichefuchefu kinikatalie. Mchana niko ukumbini, na soketi zote zimeshachukuliwa na projekta, spika na simu za washiriki. Jioni ndiyo napata umeme, nyumba ya wageni. Nikijumlisha, ni saa tano hadi sita za mashine kuwaka bila kuona soketi. Hiyo ndiyo namba niliyoenda nayo dukani, na muuzaji aliponiambia habari za prosesa, ubongo wa mashine, aina ya "core i7" nilimrudisha hapo.

Andika pia programu unazofungua kweli, acha zile unazotamani kujifunza. Kama ni Word, Excel, kivinjari chenye kurasa ishirini na mkutano wa Zoom, laptopu nyepesi inakutosha bila shida. Kama unahariri video ndefu au unachora ramani za majengo, utahitaji mashine yenye kadi ya picha na feni za maana, na hiyo haitakuwa ya kilo moja. Usimruhusu mtu akuuzie ndoto.

Hatua ya pili: jua nyepesi ni ipi

Januari 2008 Steve Jobs alichomoa MacBook Air ya kwanza kutoka kwenye bahasha ya kaki, ukumbi mzima ukashangilia. Ilikuwa na kilo 1.36. Leo uzito huo ni wa kawaida tu.

Mimi nagawa hivi. Kuanzia kilo 1.5 kwenda juu, usiite nyepesi, hata tangazo liseme nini. Kati ya kilo 1.0 na 1.3 ndipo zilipo mashine nyingi nzuri ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata: MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ina kilo 1.29, ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha tisa inaanzia kilo 1.13. Chini ya kilo moja ni ulimwengu mwingine. Huko utakuta LG gram ya inchi 14, gramu 999, na ThinkPad X1 Nano, gramu 907. Wajapani ndio waliovuka mpaka kabisa: Fujitsu walitoa laptopu ya inchi 13.3 yenye gramu 634, pungufu ya mfuko wa sukari wa kilo moja kwa zaidi ya theluthi. Haishangazi. Kule watu wanakwenda kazini wamesimama kwenye treni kama sisi kwenye mwendokasi, na kampuni zao zimekuwa zikishindania gramu kwa miaka mingi.

Lakini gramu hazipotei bure. Uliza zimetolewa wapi. Mara nyingi zimetolewa kwenye betri. Soma lile neno "kuanzia" kwenye karatasi ya vipimo kwa jicho la mhasibu. HP Elite Dragonfly ya 2019 ilisifiwa kwa kuwa chini ya kilo moja, na ni kweli, ila ukichukua ile yenye betri ndogo ya Wh 38. Ukitaka betri kubwa ya Wh 56, uzito unapanda. MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015 ilikuwa na gramu 920, nzuri kuitazama, lakini ilikuwa na tundu moja tu la USB-C na kibodi ambayo vumbi kidogo liliweza kuikwamisha vitufe. Mtu wa Dodoma na kibodi ya namna hiyo, mtagombana mwezi wa kwanza.

Na wale wanaosema "nunua kishikwambi uweke kibodi", wapime kwanza. iPad Pro ya inchi 12.9 ikivalishwa kibodi yake rasmi inapita kilo 1.3. Umeizidi MacBook Air, na bado huna nafasi ya kufungua mafaili mawili kwa raha.

Hatua ya tatu: hesabu betri kwa wati-saa

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Saa zilizoandikwa kwenye boksi, 15, 18, hata 20, mara nyingi hupimwa kwa kucheza video huku mwanga wa kioo umepunguzwa. Wewe hutafanya kazi hivyo. Tafuta namba yenye herufi Wh, yaani wati-saa. Imeandikwa kwenye betri yenyewe na kwenye karatasi ya vipimo. Hiyo ni kama ujazo wa tangi. Kisha jiulize gari linakunywa kiasi gani. Laptopu nyepesi ya kisasa ikiwa unaandika na kusoma mtandaoni hula kama wati 6 hadi 8. Ukiingia kwenye mkutano wa video, weka 12 na kuendelea. Gawanya. Betri ya Wh 57 kwa wati 8 inakupa saa saba na ushee. Betri ya Wh 38 kwa wati hizohizo haifiki saa tano, na siku yangu ya Dodoma imeshakufa hapo.

Kama mashine ni ya mtumba, tangi limeshatoboka kidogo. Usiulize "betri inakaa?" kwa sababu jibu utalijua kabla hujamaliza kuuliza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakutengenezea ripoti na kukuonyesha imehifadhiwa wapi. Ndani yake kuna namba mbili za kulinganisha: ujazo betri ilipotoka kiwandani na ujazo inaoweza kujaa sasa. Ikiwa ya pili ni asilimia 80 ya ile ya kwanza au zaidi, endelea na mazungumzo. Ikiwa ni asilimia 60, ama bei ishuke kwa thamani ya betri mpya, ama uage kwa heshima. Kwenye MacBook angalia idadi ya mizunguko ya kuchaji. Apple wenyewe wanahesabu mizunguko 1,000 kuwa ndiyo umri wa betri hizo.

Muuzaji akikataa usifungue dirisha la amri, umeshapata jibu lako.

Hatua ya nne: chaja moja, waya mmoja

Kama kuna sharti moja ambalo mimi silegezi, ni hili: laptopu ichajiwe kwa USB-C. Chaja za zamani za tundu la duara ndizo zilizonipa gramu 450. Siku hizi kuna chaja ndogo za wati 65, za aina ya GaN, unaificha kiganjani, na inachaji laptopu, simu na poweri benki. Ukiisahau nyumba ya wageni, unaazima ya mwenzako. Ya tundu la duara ukiisahau Newala, umekwisha.

Tahadhari tatu. Kwanza, si kila tundu la USB-C linapokea umeme. Mengine ni ya kuhamisha mafaili tu. Nenda na chaja yako dukani, chomeka, uone alama ya kuchaji. Pili, waya nao una viwango: kuna unaobeba wati 60 na unaobeba 100 au zaidi, na ule uliokuja na simu unaweza usitoshe. Tatu, angalia miguu ya plagi. Mashine zinazotoka Dubai huja na miguu mitatu ya bapa kama yetu, lakini za Marekani zinahitaji adapta, na adapta zinazolegea ndizo zinazotoa cheche.

Faida kubwa ya USB-C kwetu ni umeme unapokatika. Poweri benki ya mAh 20,000 ina Wh 74 hivi. Toa kinachopotea njiani, zinabaki kama 60, yaani inaweza kuijaza laptopu nyepesi karibu mara moja nzima. Lakini hakikisha inatoa angalau wati 45 kupitia USB-C. Zile za wati 18 zitaipigia mashine hodi tu, mlango hautafunguliwa. Kwa wanaopanda ndege: poweri benki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ya shirika ni Wh 100, sawa na mAh 27,000 hivi.

Hatua ya tano: kilichogandishwa hakiongezwi

Kwenye laptopu nene ulizoea kununua ya RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kazi, halafu fundi anakuongezea baadaye. Kwenye nyepesi, sahau. Ili zipungue unene, RAM huwa imechomelewa kwenye ubao wenyewe. MacBook Air iko hivyo, X1 Carbon iko hivyo, na nyingi za daraja hilo. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Kwa hiyo chukua GB 16 kama mfuko unaruhusu. GB 8 inavumilika kwa mtu wa kuandika na barua pepe. GB 4 mwachie muuzaji.

Diski ni afadhali: kwenye nyingi za Windows, SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, inafunguliwa na kubadilishwa. Kwenye MacBook Air mpya haifunguliki, fikiria kabla.

Prosesa iangalie kwa sababu moja hasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Madukani bado zimejaa mashine nyepesi nzuri za kizazi cha sita na cha saba, bei yake inachekelea, na sababu ya kuchekelea ndiyo hiyo. Kusoma kizazi ni rahisi: i5-7200U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Ukiona herufi Y kwenye namba za miaka hiyo, ujue imepunguzwa nguvu ili ipoe bila feni, na kwenye Zoom utaihurumia. Nikitaja feni: MacBook Air za kuanzia M1 hazina feni kabisa, hazivuti vumbi. Kwa anayefanya kazi vijijini hilo lina thamani ambayo matangazo hayaitaji.

Hatua ya sita: toka nayo juani

Duka lina taa nzuri kwa makusudi. Mwombe muuzaji utoke na mashine hadi barazani, uifungue saa sita mchana. Kioo kinachong'aa kitakuonyesha uso wako na nguzo ya umeme iliyo nyuma yako. Unataka kioo kisichong'aa, chenye mwanga wa niti 300 angalau. 400 ni raha. Inchi 13 au 14 zinatosha. Vioo vipya vya uwiano wa 16:10 vinaonyesha mistari zaidi ya maandishi kuliko vile vipana vya 16:9, na anayeandika ripoti huona tofauti siku ya kwanza. Kioo cha kugusa sikitaki: kinaongeza uzito, kinang'aa, na kinakula betri.

Andika aya nzima kwenye kibodi, siyo jina lako tu. Funika na kufunua mara kadhaa usikilize bawaba. Inyanyue kwa kona moja. Ikilia kama kitanda cha zamani, iache. Kisha angalia matundu. Mimi lazima niwe na HDMI, kwa sababu projekta za kumbi zetu ndizo zinazoniamulia, na kila adapta unayonunua kufidia tundu lililokosekana inarudi kwenye mizani ya Mangi.

Zile za Kijapani nilizozisifia? Zikifika huku mara nyingi zina kibodi ya Kijapani, vitufe vya ziada na alama zilizohamishwa. Kuna watu wamezoea. Mimi nilijaribu dakika kumi, nikairudisha.

Hatua ya saba: ifute kabla hujalipa

Mpya kutoka dukani ni rahisi: risiti ya EFD, waranti iliyoandikwa, umemaliza. Wengi wetu lakini tunanunua mtumba, zile zilizotumika na kampuni za nje, zikapita Dubai, zikaishia Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Ni soko zuri, maana kampuni hununua mashine za daraja la juu. Kosa langu lilikuwa hukohuko.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua laptopu ya kilo 1.2, imeng'arishwa kama mpya, Windows inawaka, kila kitu shwari. Baada ya miezi miwili ikaanza kusuasua, nikaamua kuifuta ianze upya. Ilipowaka na kukamata intaneti, ikanikaribisha kwa jina la kampuni ya ughaibuni na kuniomba barua pepe ya mfanyakazi wao. Kumbe ilikuwa bado imesajiliwa kwao, na mimi si mfanyakazi wao. Nilimpigia aliyeniuzia; namba haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Fundi mmoja alisema anaweza "kuizunguka". Aliizunguka wiki moja, ikarudi palepale.

Kwa hiyo: usilipe kabla ya kuiona ikianza upya mbele ya macho yako. Mwambie muuzaji aifute kabisa, uiunganishe na bando la simu yako mwenyewe, uipitishe hatua zote hadi ifike kwenye uso wa Windows bila kutaja kampuni ya mtu. Kwa Mac ni vivyo hivyo, na uhakikishe haidai akaunti ya mwenye nayo wa zamani. Kisha ingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, wakati inawaka (F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell) uone kama inaomba nywila. Ikiomba na muuzaji haijui, usikubali maneno ya "hiyo haina shida, dada'angu". Shughuli yote inakula saa moja au zaidi. Nenda asubuhi, umeshakunywa chai.

Hatua ya nane: rudi kwenye mizani

Mwishowe nilichukua X1 Carbon ya kizazi cha tisa, GB 16, betri ikiwa na asilimia 88 ya ujazo wake. Lakini sikuishia hapo. Chaja na waya wake sasa gramu 150. Poweri benki moja ya laptopu na simu, 430, ikafukuza ile ya zamani. Diski ya nje nikaibadilisha kwa SSD ndogo ya gramu 50. Mausi niliiacha mezani nyumbani. Kile kitufe chekundu katikati ya kibodi, cha kusogeza mshale badala ya mausi, nilikizoea ndani ya wiki. Makaratasi nikayapiga picha na kuyapunguza hadi gramu 200. Begi jipya la turubai jepesi, 450. Maji nusu kilo yalibaki, kiu haina toleo jepesi.

Mangi akalipandisha: kilo mbili na gramu 910. Nilikuwa nimeshusha kilo mbili na kidogo, na laptopu yenyewe ilichangia gramu 770 tu katika hizo.

Akaitazama namba, akanitazama mimi, akaugeukia mfuko wa sukari nyuma yake.

"Sasa basi, dada, kilo mbili za sukari nikupimie? Nafasi ipo."